Swali Nililoona Aibu Kumuuliza Mama Eliza

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo na damu inanichemka, mwanangu, na anayeichemsha si mtu mwingine. Ni mimi mwenyewe, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu.

Nilikuwa nimevuka ziwa Mweru kutoka upande wa Kongo miaka michache kabla, nikapata kazi ya ufundi katika gereji ya Tata Mulenga pale Kashikishi, karibu kabisa na Nchelenge mjini. Tata Mulenga, yaani Baba Mulenga, alikuwa Mbemba, mzee wa maneno machache. Kiswahili chetu alijifunza akiwa amelala chini ya malori ya Wakongo. Mwezi ule alikuwa amekwenda Kawambwa kumzika kaka yake, na gereji akaniachia mimi. Hebu fikiria kijana wa miaka ishirini na mitatu na gereji nzima mikononi mwake! Nilitembea kifua mbele kana kwamba nimezaliwa na spana mkononi.

Ndipo akaja Bosi Kaoma, mfanyabiashara wa samaki, na pikapu yake. Mvua zilikuwa zimeanza, njia za kushuka kwenye mialo zilikuwa tope tupu, na pikapu ilikuwa inakwama kwa tumbo. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Sababu ya pili aliitoa mwenyewe bila kuulizwa: ameona gari la mradi mmoja limesimama juu kama mbuni, naye analitaka hivyo hivyo.

"Petelo, uinulie mi hii kitu," akasema. "Vidole ine. Bantu baione toka mbali." Upana wa vidole vinne, ili watu walione.

Kuinua gari kwa njia yetu hakukuwa na siri. Unaweka kipande cha chuma kati ya springi za nyuma na ekseli, unafunga bolti ndefu zaidi, na mkia unapanda. Mbele unakaza torsheni, zile fito za chuma zinazobeba pua ya gari, mpaka pande zote zilingane. Vipande vyangu nilivikata kutoka kwenye chuma cha pantoni ya zamani kilichokuwa kikiota kutu nyuma ya gereji. Chuma kile kilikuwa kimelika upande mmoja. Upande huu kilikuwa kinene, upande ule chembamba. Nasema wazi kwamba niliona. Nilivifunga hivyo hivyo, unene ukiangalia mbele. Na nilipolala chini ya gari nikaona propela shafti, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, lile bonge la gia kwenye ekseli ya nyuma, limekaa kama limevunjika kiuno. Nikajiambia chuma kitazoea. Chuma, mwanangu, hakizoei kitu chochote. Anayezoea ni mtu, na ndiyo maana mtu hudanganyika.

Pikapu ile haikuendeshwa na Bosi Kaoma. Iliendeshwa na Mama Eliza, mjane kutoka Pweto, mwanamke wa umri wa mama yangu. Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori, naye ndiye aliyemfundisha. Mara tatu kwa wiki alipakia mapale, samaki wa ziwa letu, kwenye makreti ya barafu, akawapandisha wachuuzi wawili watatu juu ya mizigo, akashika lami kwenda Mansa. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha, hakuwa na nyingine. Pale ufukweni hakukuwa na mwanamke mwingine aliyeshika usukani, na wapo waliokuwa wakisubiri siku atakapokosea.

Safari ya kwanza baada ya kuinuliwa gari, alirudi moja kwa moja gereji.

"Fundi, motokari inatetemeka."

"Wapi, mama?"

"Ku njia ya Mansa. Ikifika makumi munane, inaanza. Ikizidi pale, inakuwa mubaya."

"Volant inacheza mu mikono?" Nilimaanisha usukani.

"Hapana. Mikono iko bien. Inanitetemesha..." Akavuta kitenge chake kiunoni, akaangalia ziwa. "Inanitetemesha tu."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mtetemo wa gari kwenye mwendo mkubwa una milango miwili ya kumfikia dereva. Ukitoka magurudumu ya mbele, unaingia kwa usukani, mikono ndiyo inayoupokea. Ukitoka nyuma, kwenye magurudumu ya nyuma au propela shafti, unaingia kwa kiti, na kinachoupokea ni matako. Fundi yeyote anajua kwamba swali la kwanza ni hilo: mikono au matako? Nililijua swali. Lakini kwetu, kijana hamtamkii mama wa umri ule neno hilo, na mama wa heshima halitamki mbele ya kijana. Alikuwa amefika kwenye neno, akasimama. Nami nilimwona akisimama, nikajua neno gani limemkwama, nikaliacha likwame. Nikaiita heshima. Leo naiita uvivu uliovaa nguo za heshima.

Nikamwambia ni mipira, yaani matairi. Nikahamisha magurudumu ya nyuma mbele na ya mbele nyuma, nikakwangua tope lililoganda ndani ya rimu, nikampa funguo.

Akarudi baada ya siku mbili.

"Haikubadilika, fundi. Na nimeangalia muzuri. Nikifinya accélérateur, inaongeza. Nikiachia, inalegea. Maji ya barafu mu ndoo inafanya mawimbi ya dogodogo, kisha njo kioo inaanza kutetemeka."

Ona mwanamke huyu! Hakuna fundi aliyemfundisha, hakuwa na kifaa, alikuwa na ndoo ya barafu na macho yake, na alikuwa amenipa uchunguzi ambao mafundi wengi hawawezi kukupa. Kama kosa lingekuwa kwenye mipira, kuihamisha kungeuhamisha mtetemo, au kuubadilisha walau kidogo. Alikuwa ameniletea jibu kwenye sahani. Unajua nilimjibu nini?

"Mama, unaendesha ao unaangalia maji?"

Wenzangu wakacheka. Naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemsaidia anayemtukana asione haya.

Mara ya tatu alikuja na Bosi Kaoma. Wachuuzi wawili waliokuwa wamepanda safari ile walikuwa wamelalamika kwamba mgongo unauma. Bosi akaniuliza mbele ya watu wote, je, gari ni bovu? Mwanangu, pale nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema, "Bosi, nililiinua mimi, acha nichungulie kazi yangu." Badala yake nikafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama fundi mkubwa.

"Bosi, motokari iko muzima. Mwanamuke anaogopa mwendo. Anakamata volant kama mutu anakamata kuku ya kuchinja."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Bosi Kaoma hakucheka. Alimgeukia Mama Eliza. "Ijumaa Chola atakamata funguo," akasema. Chola alikuwa mpwa wake.

Mwezi huu, katika gereji moja kwenye njia ya Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, nimesikia kijana mwenye simu nzuri na cheti ukutani akimwambia muuguzi wa kike, kabla hata hajafungua boneti, "Dada, ni uendeshaji wako." Gari lilikuwa limeinuliwa wiki iliyopita, gereji hiyo hiyo! Miaka yote hii imepita, springi siku hizi zinakuja ndani ya boksi zenye picha, na sentensi ni ile ile yangu. Ndiyo sababu naandika haya, na kama sauti yangu ni kali, nivumilie.

Alhamisi Tata Mulenga akarudi kutoka msibani. Alikuta Mama Eliza ameegesha pikapu nje ya gereji, anakusanya vitu vyake ndani ya kibanda cha dereva: kitenge cha kukalia, chupa ya maji, Biblia ndogo. Akamsalimia, akapewa pole ya msiba, kisha akauliza kwa nini anahama kwenye gari. Mama Eliza akamweleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akazunguka gari mara moja, akaangalia vipande vyangu vya chuma.

"Mayo," akasema, yaani mama, "inakutetemesha mikono ao matako?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama Eliza alimtazama, na nikaona uso wake wote unalegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Matako, tata. Tangu siku ya kwanza. Mpaka meno."

"Na huyu hakukuuliza?"

"Aliniuliza mikono."

"Awe," akasema mzee, yaani hapana, akitikisa kichwa. "Heshima gani hii? Anaona haya kutaja matako ya mama, haoni haya kumuvunjia kazi?"

Akaniamuru nipande. Mama Eliza akaendesha, mimi nikakaa katikati, mzee dirishani. Tulitoka mjini tukashika lami iliyonyooka. "Weka mikono juu ya magoti," Tata Mulenga akaniambia. "Usiongee."

Kwenye sabini gari lilikuwa tulivu. Lilipofika themanini nikasikia kitu kinapanda kutoka chini ya kiti, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya tatu. Kwenye tisini mapaja yangu yalikuwa yanacheza na meno yanagongana, na usukani mikononi mwa Mama Eliza ulikuwa umetulia kama meza. Hakuukamata kama kuku. Aliushika kwa vidole.

"Sasa ninaachia," akasema, akainua mguu. Mtetemo ukalegea. "Sasa ninafinya." Ukarudi na hasira.

"Mupira haijue mguu yako iko wapi," Tata Mulenga akasema. "Mupira mubaya inatetemeka ukifinya, inatetemeka ukiachia. Hii inajua."

Akamwambia atoe gia, gari liteleze lenyewe kwa mwendo ule ule. Injini ikashuka sauti, lakini mtetemo ulibaki, umepungua tu. Kwa hiyo haukuwa injini. Uliambatana na mwendo wa gari, ulisikia nguvu ya mguu, na ulikaa nyuma. Kilichobaki kinachoweza kufanya hivyo vyote ni propela shafti. Tulikuwa tumetumia dakika kumi. Mimi nilikuwa nimetumia wiki mbili kumdhalilisha mtu.

Tulirudi, tukaliinua gari kwa jeki, tukaingia chini. Kwenye krosi ya nyuma, ule msalaba mdogo wa chuma unaoruhusu shafti kujipinda ikizunguka, kulikuwa na unga mwekundu kama pilipili umetapakaa kando ya vikombe. Beringi zake zilikuwa zinasagika zikiwa kavu. Mzee akafunga uzi wenye nati kwenye kipimapembe cha shule, akakiegemeza kwenye uso wa giaboksi, kisha kwenye pua ya difu. Giaboksi na difu zinatakiwa ziwe sambamba, ili kile krosi ya mbele inachokipotosha, krosi ya nyuma ikinyooshe. Pua ya difu ilikuwa imeangalia chini, mbali kabisa na mwenzake. Vyuma vyangu vyenye unene mbele vilikuwa vimeiinamisha.

"Ingekatika ku mwendo," mzee akasema, "hii bomba ingechoma lami. Motokari ingepinduka na bamama juu ya samaki."

Tulitoa vile vipande, tukatengeneza vingine vilivyolingana pande zote, vya vidole viwili badala ya vinne, kwa sababu kadiri unavyopandisha gari ndivyo unavyozidi kuikunja shafti. Tukaweka krosi mpya. Kabla jua halijashuka Mama Eliza alipita nalo kwenye lami akarudi anacheka. "Ndoo imenyamaza," akasema.

"Kesho utamwambia bosi," Tata Mulenga akaniambia.

"Eya, mukwai," nikajibu. Ndiyo, mheshimiwa.

Hapo ungetarajia hadithi iishe. Laiti ingeisha.

Ijumaa Bosi Kaoma akaja kuchukua gari, na Chola nyuma yake. Mama Eliza alikuwa amekwisha kumweleza kwamba kosa lilikuwa vyuma na limetengenezwa. Bosi akaniuliza mimi. Tata Mulenga alikuwa amekwenda sokoni, hakuna wa kunisahihisha isipokuwa mama yule.

"Nilikaza nati mbili tatu tu, bosi," nikasema. "Haikukuwa kitu."

Mama Eliza alichukua Biblia yake na chupa yake, akaenda zake kwa miguu.

Chola alikwenda Mansa na kurudi Jumamosi. Alishuka garini akipiga mlango kwa madaha, akapaza sauti mwalo mzima usikie: "Motokari iko kama maji! Nimepita na mia moja, haikutikisika! Ilikuwa ule mama tu!" Watu wakaitikia kwamba waliona tangu zamani, usukani si mwiko wa ugali.

Unaona nilichofanya? Kazi ya mikono yangu, niliyoifanya vizuri safari hii, ilikuwa imegeuka ushahidi dhidi yake. Gari lilipokuwa bovu, angalau lingeweza kumtetemesha Chola na kumsafisha mama. Nililitengeneza, nikanyamaza, nikamzika.

Jumapili baada ya ibada maneno yalimfikia Tata Mulenga. Alinikuta nimekaa nje ya chumba changu. Hakukaa.

"Mwana," akasema, "umetengeneza motokari na umeharibu mutu. Mutu haina spea. Kesho asubuhi uende ku mwalo, mbele ya bale bote balisikia Chola. Useme yote. Na ile neno pia, uiseme."

"Tata, nitachekwa."

"Si ulichekesha bantu juu yake? Sasa bacheke juu yako. Kama hauende, usirudi ku gereji yangu."

Jumatatu nilikwenda. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kushusha, wanawake wanapanga mapale kwenye barafu, Chola amelalia boneti. Mama Eliza naye alikuwepo, kando, anawasaidia wengine kupakia kwa ujira wa samaki. Dereva yule! Bosi Kaoma alikuwa anahesabu makreti. Nikasimama mbele yake.

Nikasema kwa sauti kubwa kwamba gari lilikuwa bovu kweli, na niliyeliharibu ni mimi, kwa vyuma vilivyolika nilivyoviona na kuvifunga. Nikasema Mama Eliza alieleza kila kitu mara tatu. Nikasema Chola ameendesha gari lililopona, na nilidanganya niliposema nati mbili tatu.

"Na juu ya nini haukujua mapema?" mama mmoja mchuuzi akauliza, mwanamke mnene aliyekuwa akisafiri juu ya makreti yale. "Si uko fundi?"

"Juu sikumuuliza kama inatetemesha matako," nikasema. "Niliona haya."

Mwalo mzima ukalipuka. Wanawake waliangukiana. "Matako yake mwenyewe ilikufa?" mmoja akapiga kelele. "Mi nilikuwa naketi pale juu, ungeniuliza mi! Yangu iko kubwa, ingekuambia yote!" Nilisimama nikapokea. Ilikuwa haki yangu.

Bosi Kaoma hakupenda. Si kwamba hakuamini, alikuwa amekwisha kutoa neno mbele ya watu. "Bon, nimesikia," akasema. "Nitafikiri. Leo Chola anaenda."

Yule mama mnene akaacha kucheka. Akashika kreti lake lililokuwa tayari juu ya gari, akalishusha chini. "Basi samaki yangu haiende," akasema. "Ningekufa mu njia na ungesema ni Eliza. Mutu aliyesikia motokari inaumwa, njo ule anipeleke." Mwenzake akashusha lake. Wa tatu akashusha. Barafu ilikuwa inayeyuka, na kila mmoja pale alijua mapale hayangojei mwanamume amalize kufikiri.

Bosi Kaoma alinyoosha mkono kwa Chola bila kumtazama, akapokea funguo, akampelekea Mama Eliza.

Hakuzipokea mara moja. "Ku gereji ulisema kwa sauti," akamwambia. "Sema tena kwa sauti."

Bosi akasema. Kwa shida, akiangalia maji, lakini alisema kwa sauti: "Haikukuwa Mama Eliza. Ilikuwa fundi." Ndipo mama alipozipokea, akapanda, akapanga kitenge chake cha kukalia, na wanawake wakarudisha makreti.

Mwanangu, wewe unayeshika spana leo, au kalamu, au kipimo cha hospitali, nakusihi. Anapokuja mtu na kukuambia kitu kinamuumiza, muulize swali zima, pamoja na lile neno linalokuaibisha. Tafuta namna ya kulisema, na ukikosa namna, liseme hivyo hivyo. Anza na kile kilichoguswa mwisho, hasa kama kiliguswa na mkono wako. Usimpe aliyeketi juu ya ubovu lawama ya ubovu, na usithubutu kumpa kwa sababu ni mwanamke, au mkimbizi, au hana cheti. Na ukikosea mbele ya watu, usijirekebishe kwa siri, kwa kuwa siri yako itaendelea kumchapa uliyemkosea huku wewe ukilala vizuri. Rudi pale pale, kwa watu wale wale, useme.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo. Akupe uso wa kuvumilia kuchekwa. Kila mtu anayepanda gari ulilolifunga afike kwake mzima, na jina lake likiwa zima pia.